Mipini Miwili ya Mashine ya Kuni

Elikana, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya shule nzima, masista wote, wapishi, na ng'ombe wa misheni waliokuwa wanapita kwenda kunywa maji. Nakuandikia jua halijazama, vidole vina oili, kwa hiyo usishangae karatasi kuwa na madoa. Nakuandikia mapema kwa sababu habari utaipata tu. Watu wa huku wanadandia malori kwenda Kahama, na ikishafika Kahama itafika huko kwenu mgodini Songwa kabla ya barua yangu. Afadhali uisikie kwangu.

Unakumbuka ile silinda ya tipa uliyonitafutia Maganzo, ukanitumia kwa lori la pamba? Hii ndiyo habari yake.

Nianze na mashine yenyewe, maana wewe huijui. Ni mashine ya kupasulia kuni. Ina injini, ina pampu ya haidroliki, ina pistoni ndefu inayosukuma gogo mpaka kwenye kabari ya chuma, gogo linapasuka. Aliileta bruda mmoja mzungu ambaye alisharudi kwao. Shule hii ya wasichana ni ya bweni, iko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ushirombo, na jiko lake linakula kuni kuliko tanuri la matofali. Miti ya huku ni migumu. Shoka linadunda.

Mtu wa kuni alikuwa pacha wangu, Kulwa. Mimi nilipoacha kazi mgodini na kurudi kumtunza mama, nilikuwa natengeneza mashine za kusaga vijijini, na mara mojamoja nampa Kulwa msaada. Mashine ile ilikuwa na mpini mmoja. Mtu mmoja anaweka gogo, wa pili anavuta mpini. Kabla ya Pasaka msaidizi wake aliugua homa, nikashika mpini mimi.

Gogo lilikaa vibaya. Kulwa akaingiza mkono kuligeuza, akasema, "Leka." Wewe Msukuma mwenzangu unajua, leka ni acha. Lakini injini ilikuwa inanguruma, na kazini huwa tunasemeshana Kiswahili. Nikasikia "Lete."

Nikaleta.

Sitaandika zaidi hapo. Mkono wa kulia ulikatwa juu kidogo ya kifundo, hospitalini, siku ileile.

Mashine ikatupwa nyuma ya gereji. Kulwa akawekwa getini, kwa muda. Nyumba wanayokaa yeye na mkewe Mama Nyamizi na watoto ni nyumba ya mtu wa kuni, si ya mtu wa geti, na Sista Mkuu alimwambia hivyo. Hakumwambia kwa ubaya. Alisema huku anaangalia chini, kwamba wanafunzi lazima wale, na akipatikana mtu wa kuni mwingine, nyumba itahitajika.

Mimi nikaenda ofisini kwake.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina, Fundi. Karibu."

"Sista, nipe ile mashine niiunde upya. Nitaiboresha. Kulwa ataiendesha peke yake, bila msaidizi."

Akaweka kalamu chini. "Itamfaa kweli?"

"Itamfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote."

(Maneno yangu hayo. Nimeyakumbuka leo mara nyingi.)

Miezi mitano nimekuwa kwenye gereji ile. Pampu ya zamani ilikuwa imekwisha kabisa, nikafunga ya tipa bovu lililokuwa limelala kwa mwarabu mmoja Kahama. Silinda yako ni nene mara mbili ya ile ya kwanza. Sili zake, zile za kuzuia oili isivuje, sikuzipata Kahama, sikuzipata Mwanza, na Shinyanga mjini yule muuza vipuri alinicheka. Mwaka huu hata sabuni tunapanga foleni, sili atoe wapi. Nikaenda kwa fundi viatu wa Nyahanga, akanikatia sili za ngozi ya ng'ombe, nikazilowesha siku tatu kwenye mafuta ya mnyama. Haivuji hata tone. Fremu nimeiunda kwa vyuma vya reli ya vigari, vile vilivyoachwa kwenye machimbo ya zamani upande wa Geita. Kabari nimeiongezea mabawa. Linaingia gogo moja, vinatoka vipande vinne.

Lakini hayo ni mapambo tu. Jambo lenyewe lilikuwa mpini.

Elikana, kila nilipokaa kula nilikuwa nauona ule mpini mmoja. Nikasema mashine hii haitakuwa nao tena. Nikaweka mipini miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto, mbali kiasi cha mtu kunyoosha mikono. Oili haipiti kwenda kwenye silinda mpaka mipini yote miwili ivutwe pamoja. Ukiachia mmoja, pistoni inarudi nyuma. Maana yake, anayeendesha hawezi kuwa na mkono kwenye gogo hata akitaka, na hakuna mtu mwingine wa kumvutia. Nilitumia wiki sita kwenye jambo hilo peke yake. Umbali nilipima kwa mikono yangu mwenyewe. Sisi mapacha, shati langu ndilo shati lake. Nilijua kipimo kikinitosha mimi, kimemtosha Kulwa.

(Endelea kusoma tu. Najua wewe umeshaona. Mimi sikuona. Miezi mitano sikuona.)

Hakuna aliyenisaidia kuona, kwa sababu hakuna aliyeingia. Niliifunika turubai. Nilitaka iwe siku ya furaha. Kulwa mwenyewe hakukanyaga gereji. Nikiwasha injini kuijaribu, anaacha geti anaingia ndani ya nyumba mpaka nizime. Aliyekuwa anaingia ni mkewe, Mama Nyamizi, kuniletea ugali mchana. Wiki mbili zilizopita alinikuta nimefunua turubai.

"Shemeji, hii miwili ni ya nini?"

"Mmoja wa mkono wa kulia, mmoja wa kushoto. Lazima ivutwe pamoja."

Akasimama pale ameshika bakuli. Akaangalia mpini wa kulia, akaangalia wa kushoto, akaniangalia mimi. Akaweka chakula akaondoka polepole.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri amestaajabia ufundi.

Basi leo ndiyo ikawa siku. Sista Mkuu akatoa wanafunzi madarasani, wakapangwa mistari uwanjani. Masista wakakaa kwenye viti barazani. Mashine tukaisukuma mpaka katikati, nimeipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa. Mimi nimevaa ile suti yangu ya Krismasi. (Ndiyo, suti, kuendesha mashine ya kuni. Nilikuwa na hali hiyo.) Kulwa wamemwita kutoka getini, amesimama kando na mkewe, shati la mikono mirefu, mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini.

Sista akaongoza sala. Kisha akasema, "Fundi Doto, tueleze."

Nikaeleza. Elikana, hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kuvuta mashine ikapasua gogo, watu wakapiga makofi, tukaenda zetu. Lakini nilikuwa nimeyapanga maneno tangu mwezi jana. Nikasema kwa sauti kubwa ili hata wa mstari wa nyuma wasikie:

"Kwenye mashine hii hakuna mtu atakayeumia tena. Kwa sababu haiendi, narudia, haiendi mpaka mwendeshaji awe ameshika hapa kwa mikono yake yote miwili."

Uwanja ukawa kimya. Kimya kile kikanipa moyo. Nikarudia. "Mikono yote miwili. Akiwa na mmoja tu, mashine hii ni chuma bure."

Sista Mkuu akafunga macho. Nikadhani bado anasali.

Kisha nikawasha injini, nikaweka gogo la msekese, gumu kuliko yote niliyoyapata, nikageuka. "Sasa mwenye mashine aje. Kaka Kulwa, karibu uifungue."

Kulwa hakusogea mara moja. Mama Nyamizi alimshika kiwiko, sijui alikuwa anamzuia au anamsindikiza. Akaja. Alitembea kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Akasimama katikati ya mipini. Akashika wa kushoto kwa mkono wa kushoto, akauvuta. Mashine ikanguruma. Gogo halikutikisika.

Nikainama karibu na sikio lake, na hapa, ndugu yangu, ningeweza kukuficha, lakini kuna watu mia watakaokwambia. Nikamwambia:

"Vuta na huo mwingine."

Kulwa akageuza uso akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu ambaye unataka kujua kama ni mgonjwa. Kisha akaunyanyua ule mkono wa kulia, na ile pini yake, akaupeleka kwenye mpini. Haukufika. Nilikuwa nimepima kwa mkono wenye kiganja. Akasogea kulia kidogo, kigutu kikagusa chuma, na mkono wa kushoto ukateleza ukaachia. Akarudi kushoto, wa kulia haukufika tena. Akajaribu mara ya tatu, ameinama upande mmoja, grisi imeshampaka shati lote.

Na mimi nimesimama pale na suti. Hapo ndipo nilipoona. Hapo, si kabla ya hapo.

Msichana mmoja mstari wa mbele alicheka. Hakukusudia, ni kile kicheko kinachomtoka mtu. Wa pembeni yake akamfuata, kisha uwanja mzima ukawa kama kuku waliomwagiwa mtama. Sista Mkuu akasimama akapiga makofi mawili. Wakanyamaza. Kimya kile cha pili ndicho kilichonimaliza.

Unataka kujua fundi wenu wa miaka tisa mgodini alifanya nini? Alikimbia. Nilimwacha ndugu yangu kwenye mashine, injini inawaka, dizeli inaungua katika mwaka ambao dizeli inatafutwa kama dawa, nikapita kati ya wanafunzi nikaenda nyuma ya zizi. Nikakaa juu ya gunia la pumba. Suti imekwisha.

Nililia, Elikana. Siku ya ajali sikulia. Hospitalini nilikuwa natafuta gari, natafuta damu, natafuta shuka. Baadaye nikatafuta pampu. Leo hakukuwa na kitu cha kutafuta.

Nilikaa pale kitambo, mpaka nikasikia kengele ya wanafunzi kurudi madarasani. Mama Nyamizi akaja. Akasimama, hakukaa.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe uliona. Ile siku ya ugali. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwanza nilidhani kuna ufundi mwingine utauongeza. Fundi ni wewe, mimi najua nini?" Akakaza kanga yake. "Halafu ulikuwa unapiga mluzi. Tangu Pasaka sikuwa nimekusikia ukipiga mluzi. Nikawaza nikisema nitakuwa nimekunyang'anya huo mluzi."

"Sasa nimemwaibisha mbele ya shule."

"Umemwaibisha," akasema. Hakunipunguzia. "Inuka. Anakuita."

"Anasemaje?"

"Anasema injini inakula dizeli."

Nikainuka. Uwanja ulikuwa mtupu. Viti vya masista vimeondolewa isipokuwa kimoja, Sista Mkuu amekaa pale barazani, anajifanya anasoma barua. Kulwa alikuwa palepale kwenye mashine. Amevua shati, amebaki na fulana, na kile kigutu kiko wazi. Mimi sijawahi kukiona kikiwa wazi, Elikana. Nilihakikisha kila nikienda kwao nafika wakati ameshavaa.

Nilianza kusema kabla sijamfikia. "Nitaukata huu wa kulia. Nitaweka kanyagio chini, la mguu. Mkono mmoja na mguu mmoja, itafanya kazi ileile. Ni jambo dogo, nipe siku mbili."

"Vizuri," akasema Kulwa. "Njoo ushike huu wa kulia."

"Nimesema nitaukata."

"Utaukata siku hiyo utakayoukata. Leo jikoni hakuna kuni, walikuwa wanaisubiri mashine yako. Shika."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

Nilikuwa nimeapa, na sikumwambia mtu yeyote, kwamba sitavuta tena mpini wa mashine hii mtu mwingine akiwa amesimama kwenye gogo. Naijaribu nikiwa peke yangu, basi. Lakini yeye alijua. Tumelala tumbo moja, nadhani hakuhitaji kuambiwa.

"Doto," akasema, "mimi mkono wangu uko hapa, unauona. Nikiutoa hapa kwenye mpini mashine inasimama. Wewe ndiye uliyeitengeneza hivyo. Umeitangaza kwa kelele mpaka ng'ombe wamesikia. Au ulikuwa unatudanganya?"

"Sikudanganya."

"Basi shika."

Nikashika. Yeye akavuta wa kwake, mimi nikavuta wangu, pistoni ikaja, ile silinda yako ya Maganzo ikasukuma gogo la msekese kama kipande cha sabuni, vikaanguka vipande vinne. Sawasawa kabisa. Tukaweka lingine. Kulwa analiviringisha kwa mguu na mkono wa kushoto, mimi nasaidia, kisha kila mtu anarudi kwenye mpini wake. Tukafika gogo la tano au la sita.

Yeye ndiye aliyeanza kusema, macho yake kwenye kabari. "Miezi yote hii unakuja nyumbani. Unaongea na watoto. Unaongea na mke wangu. Mimi unanipa habari za mvua."

"Ndiyo."

"Mimi mvua naiona mwenyewe, niko getini."

Nikamwambia, "Nilisikia vibaya siku ile." Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeitamka, Elikana. Nilifikiri nikiisema kitatokea kitu kikubwa. Yeye akavuta mpini wake akasubiri mpaka nami nikavuta wangu. Gogo likapasuka.

"Najua," akasema. "Weka lingine."

Sikusamehewa kwa maneno, kama ndivyo unavyouliza. Sijui hata kama amenisamehe. Kuna wakati alipotaka kufuta jasho aliinua mkono ambao haupo, akakumbuka, akaushusha, na mimi nikaangalia, kwa sababu nimechoka kutoangalia. Tulipasua mpaka rundo likafika dirisha la jiko. Wapishi wakaja kubeba. Mmoja akaniambia, "Suti imependeza, Fundi." Nikamwambia asante.

Baadaye Sista Mkuu akashuka barazani. Akashika kipande cha kuni, akakigeuza kama anakagua yai.

"Mashine ni nzuri," akasema. "Lakini inahitaji watu wawili, na mimi nina nafasi ya mtu mmoja."

"Nitabadilisha, Sista. Nitaweka kanyagio. Kulwa ataiendesha peke yake."

"Safari hii peke yake kweli?"

"Kweli, Sista."

"Nyumba nitaisubirisha mpaka utakapomaliza. Usikae miezi mitano mingine."

Akaondoka. Hapo nikapumua. Nikaanza kuchukua kipimo cha mguu wa Kulwa kwa kamba, safari hii cha mguu wake mwenyewe, akiwa amesimama, nikamwuliza mara tatu kama ana miguu yote miwili. Alicheka kidogo kwa pua. Kisha akasema, taratibu, Mama Nyamizi asisikie:

"Hilo kanyagio ukishaliweka, wewe utarudi kwenye mashine zako za kusaga."

"Ndiyo. Kazi yako itakuwa yako."

Akaokota vibanzi chini, kimoja kimoja, akavitupa kwenye rundo. Rundo lilikuwa halina shida na vibanzi.

"Basi wiki hii usiliweke," akasema. "Na ijayo tutaona."

Ndiyo hiyo habari yangu. Mwambie fundi mkuu kwamba silinda ni nzima, sili za ngozi zinafanya kazi, na kwamba kabla ya kupima mashine apimwe kwanza mtu anayeiendesha. Haya mengine yabaki kwako.

Kabla sijakaa kuandika, Sista Mkuu amepita kuniuliza kanyagio litakuwa tayari lini. Nimemwambia litachukua muda, mwaka huu vipuri havipatikani. Ameniamini, akanipa pole. Usicheke, Elikana. Wewe ni fundi, unajua kabisa kwamba kanyagio ni kipande cha chuma tu.